Uzito wa atomu, moli na hesabu za mmenyuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Unguja na Pemba

Haya ni maswali yanayorudi kila mwaka kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, kuanzia Mjini mpaka Micheweni, pale mwalimu wa kemia anapoandika neno "moli" ubaoni. Mifano nimeichukua kwenye vitu tulivyonavyo hapa: chokaa, mtungi wa gesi, chumvi, mrututu, karafuu. Si lazima usome kwa mpangilio. Lakini kama moli bado haijakukaa kichwani, anzia swali la moli, kwa sababu yaliyobaki karibu yote yamejengwa juu yake.

Isipokuwa pale nilipotaja namba nyingine, nimetumia uzito wa atomu uliokadiriwa kama kwenye karatasi za mtihani: H = 1, C = 12, O = 16, Na = 23, Al = 27, S = 32, Cl = 35.5, K = 39, Ca = 40, Cu = 63.5, I = 127.

Mwalimu, atomu yenyewe haionekani. Nani aliipima mpaka tukaambiwa oksijeni ni 16?

Mwanzoni hakuna aliyepima atomu mojamoja. Walilinganisha. John Dalton wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, aliipa haidrojeni namba 1 kwa kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote, kisha akatafuta nyingine zina uzito mara ngapi ya hiyo.

Hapo pana jambo la kutazama kwa makini. Ukiyatenganisha maji, kwa kila gramu 1 ya haidrojeni unapata gramu 8 za oksijeni. Hiyo ni kazi ya mizani tu, na haina ubishi. Lakini je, atomu ya oksijeni ni 8 au 16? Jibu linategemea fomula. Kama maji ni HO, atomu moja kwa moja, basi oksijeni ni 8. Kama ni H₂O, ile gramu 1 ya haidrojeni ni ya atomu mbili, na oksijeni inakuwa 16. Dalton aliamini maji ni HO, ndiyo maana namba yake ya oksijeni ilikuwa chini ya nusu ya hii tunayoitumia.

Amedeo Avogadro wa Italia alitoa ufunguo mwaka 1811: gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo ileile, zina idadi sawa ya molekuli. Kwa kuwa lita 2 za haidrojeni hukutana na lita 1 ya oksijeni kutengeneza maji, H₂O inajitokeza yenyewe. Fikra hiyo ilikaa karibu miaka 50 bila kupewa uzito unaostahili, mpaka Stanislao Cannizzaro alipoitetea kwenye mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwemo kijana wa Kirusi, Dmitri Mendeleev, aliyetoa jedwali lake la elementi mwaka 1869. Bila namba sahihi za uzito wa atomu asingeweza kulipanga.

Tangu mwaka 1961 kipimo cha kulinganishia ni kaboni-12, iliyopewa 12 kamili. Uzito wa atomu kwenye jedwali hauna kizio kwa sababu hiyo: ni ulinganisho.

Kwa nini klorini ni 35.5? Kuna nusu ya protoni au nusu ya nyutroni?

Hakuna. Wala hakuna atomu hata moja ya klorini duniani yenye uzito wa 35.5. Zipo za aina mbili, yaani isotopu mbili: klorini-35 na klorini-37. Zote zina protoni 17. Ya kwanza ina nyutroni 18, ya pili ina 20. Katika chumvi yoyote utakayoichota, iwe ya bahari ya Pemba au ya mgodini Ulaya, karibu robo tatu ya atomu za klorini ni za aina ya kwanza na robo moja ni za aina ya pili.

Hesabu kamili ni hii:

(34.969 × 0.7577) + (36.966 × 0.2423) = 26.496 + 8.957 = 35.453

Kosa linaloonekana sana kwenye madaftari ni kujumlisha 35 na 37 kisha kugawa kwa 2, ukapata 36. Ungekuwa sahihi tu kama isotopu zote mbili zingekuwepo nusu kwa nusu. Hapa kila uzito lazima uzidishwe kwa sehemu yake kwanza. Na ukishapata jibu, litazame: lazima liangukie kati ya uzito mdogo na mkubwa, na liwe karibu zaidi na ile isotopu iliyo nyingi. 35.45 iko karibu na 35. Ukipata 36.5, rudi uangalie, huenda umebadilisha asilimia.

Nikipewa uzito wa wastani na kuulizwa asilimia za isotopu, nafanyaje?

Unaigeuza hesabu ileile. Chukua shaba, yenye isotopu 63 na 65, na wastani wa 63.5. Iite sehemu ya shaba-63 x, basi ya shaba-65 ni 1 − x:

63x + 65(1 − x) = 63.5
65 − 2x = 63.5
x = 0.75

Asilimia 75 na asilimia 25. Kwa mtihani hilo ndilo jibu linalotakiwa. Ila ukifungua kitabu kikubwa utakuta shaba-63 ni asilimia 69.15, na mwanafunzi makini ana haki ya kuuliza tofauti yote hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye kukadiria. Ukiweka 63.546 badala ya 63.5, x inashuka mpaka 0.727. Ukiweka na uzito halisi wa kila isotopu, 62.930 na 64.928, x inakuwa 0.692. Hesabu haikubadilika hata kidogo; namba tulizoingiza ndizo zilizosafishwa. Isotopu hizi zinatofautiana kwa 2 tu, kwa hiyo kosa la sehemu ndogo ya 1 linatosha kulivuta jibu mbali.

Hapo pia unaona kwamba namba ya masi na uzito wa atomu ni vitu viwili. Namba ya masi ni idadi ya protoni na nyutroni, kwa hiyo daima ni namba kamili. Uzito wa atomu ni kipimo, na mara nyingi una desimali.

Moli ni nini hasa?

Moli ni hesabu ya vitu. Si uzito.

Ukienda kununua miti ya kujengea, muuzaji anakuhesabia kwa korija, na korija ni 20. Korija ya boriti na korija ya fito zote ni 20, ila ya boriti inataka gari la ng'ombe na ya fito unaibeba begani. Moli ni hivyohivyo. Moli moja ya kaboni na moli moja ya shaba zina idadi ileile ya atomu, lakini ya kaboni ina gramu 12 na ya shaba ina gramu 63.5.

Idadi yenyewe ni 6.02 × 10²³, tunayoiita namba ya Avogadro. Zamani ilielezwa kuwa ni idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa moja kwa moja kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili. Kwa hesabu za skuli hakuna kilichobadilika.

Kwa nini tunaihitaji? Kwa sababu atomu humenyuka kwa idadi, na sisi maabara tuna mizani inayosoma gramu. Mlinganyo unakwambia "moja ya hiki kwa mbili za kile". Haukwambii "gramu moja kwa gramu mbili". Mwanafunzi anayechukua namba za mlinganyo akazigeuza gramu atakosa kila swali, hata kama anajua kuzidisha na kugawa vizuri kabisa. Kwa hiyo kabla ya kugusa mlinganyo, geuza gramu zako kuwa moli:

moli = gramu ulizonazo ÷ gramu za moli moja

Mimi sipendi ile pembetatu ya kufunika herufi kwa kidole. Inakupa jibu la swali jepesi na inakuacha mikono mitupu kwenye swali gumu. Jiulize tu: moli moja ina gramu 18, mimi ninazo gramu 54, ni moli ngapi hizo? Ni 3. Ukilielewa hivyo huhitaji kufunika chochote.

Ile 6.02 × 10²³ naitumia lini?

Pale tu swali linapotaja idadi ya chembe: atomu, molekuli, ayoni (chembe zenye chaji), elektroni. Likiwa la gramu kwa gramu, iache. Wengi huiingiza kila mahali kwa woga, kisha inabidi waitoe tena.

Mfano: gramu 5.85 za chumvi ya kupikia, NaCl. Moli moja ni 23 + 35.5 = gramu 58.5, kwa hiyo tuna moli 0.1, yaani ayoni 6.02 × 10²² za sodiamu na nyingine idadi hiyohiyo za klorini. Jumla ni 1.204 × 10²³. Soma swali limeuliza ayoni za sodiamu au ayoni zote. Na usiandike "molekuli za chumvi", kwa sababu chumvi haina molekuli. Ni ayoni zilizopangana.

Angalizo la kalkuleta: kitufe cha EXP tayari kina "mara kumi" ndani yake. Ukibonyeza 6.02 × 10 EXP 23 umeandika 6.02 × 10²⁴, na jibu lako lote limezidi mara 10.

Fomula zenye mabano na nukta zinanichanganya. Nazihesabuje?

Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani. Ca(OH)₂ ni 40 + 2 × (16 + 1) = 74.

Nukta maana yake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na yanajumlishwa. Wengi huiona ile nukta wakadhani ni alama ya kuzidisha. Chukua mrututu, ule wa buluu, CuSO₄·5H₂O:

CuSO₄: 63.5 + 32 + (4 × 16) = 159.5
5H₂O: 5 × 18 = 90
Jumla: 249.5

Kwa hiyo 90 ÷ 249.5, sawa na asilimia 36, ya mrututu unaoushika mkononi ni maji, ingawa ni mkavu kabisa. Ukiupasha moto kwenye neli ya maabara utauona unabadilika kutoka buluu kuwa mweupe, na matone yanajikusanya karibu na mdomo wa neli. Hayo matone ndiyo hiyo asilimia 36.

Jaribu mwenyewe kwa shabu, ile inayotumika kutulizia maji machafu: KAl(SO₄)₂·12H₂O. Jibu ni 474, na maji ni asilimia 45.6.

Kwa nini lazima nisawazishe mlinganyo kwanza?

Kwa sababu atomu haipotei wala haizaliwi kwenye mmenyuko. Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliliweka wazi hilo katika kitabu chake cha mwaka 1789, baada ya kazi ndefu ya kupima kwa mizani vitu kabla na baada ya kumenyuka. Mlinganyo usiosawazishwa unadai kuna atomu zimeyeyuka hewani.

Unaruhusiwa kubadilisha namba za mbele tu. Za chini usiziguse. Ukigeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu ikubali, umeacha kuzungumzia maji.

Kilo 6 za gesi zinawezaje kutoa kilo 18 za kaboni dayoksaidi? Si tumesema hakuna kinachozaliwa?

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo linaloonyesha kama mtu amemwelewa Lavoisier. Chukua mtungi mdogo wa gesi ya kupikia wa kilo 6. Ndani mna mchanganyiko wa propani na butani, gesi mbili za jamii ya alkani. Tuseme yote ni propani, C₃H₈, hesabu iwe nyepesi. Ukiwa butani, jibu halisogei sana.

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Moli moja ya propani ni gramu 44. Gramu 6,000 ÷ 44 = moli 136.4. Kila moli inatoa moli 3 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo tunapata moli 409, na 409 × 44 ni karibu gramu 18,000. Kilo 18.

Kilichoongezeka kimetoka hewani. Moto ulivuta moli 682 za oksijeni, sawa na kilo 21.8, hewa ambayo hukuilipia wala hukuipima. Na pamoja na kaboni dayoksaidi limetoka maji kama mvuke, kilo 9.8. Sasa linganisha: zilizoingia ni 6 + 21.8 = 27.8, zilizotoka ni 18 + 9.8 = 27.8. Kila ukiona zao limezidi uzito wa ulichoanza nacho, tafuta kitendanishi kilichosahauliwa.

Tukichoma kilo 250 za mawe ya matumbawe, tunapata chokaa kiasi gani?

Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mmenyuko huu. Mawe ya matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Kwenye tanuu la chokaa mawe hupangwa na magogo, yakachomwa mpaka joto linafika karibu nyuzi 900 za Selsiasi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Tuchukulie mawe ni safi.

Kwanza, gramu kuwa moli. Moli moja ya CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = gramu 100. Kilo 250 ni gramu 250,000, sawa na moli 2,500.

Pili, soma mlinganyo. Moja inatoa moja na moja. Kwa hiyo moli 2,500 za CaO na moli 2,500 za CO₂.

Tatu, rudi kwenye gramu. CaO ni 56: 2,500 × 56 = gramu 140,000, yaani kilo 140. CO₂ ni 44: kilo 110. Jumla kilo 250, imetimia.

Njia ni hiyo kwa maswali yote: gramu, moli, moli, gramu. Hatua ya katikati ndiyo pekee inayotumia mlinganyo.

Hesabu haiishii hapo. Mawe yaliyochomwa ni mepesi na makali. Yakigusa maji yanachemka na kupasuka yenyewe. Ndiko kuzima chokaa:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Moli 2,500 za CaO zinahitaji moli 2,500 za maji, sawa na kilo 45, karibu lita 45. Kwa vitendo fundi humwaga mengi zaidi, kwa kuwa joto hugeuza mengine kuwa mvuke. Unachopata ni kilo 185 za chokaa iliyozimwa. Fundi anaichanganya na mchanga, anaipaka ukutani, na ukuta unaanza kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, polepole sana:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Moli 2,500 za chokaa, zikimaliza kumenyuka, zinarudi kuwa moli 2,500 za CaCO₃: kilo 250 zilezile. Kilo 110 zilizoruka kwenye tanuu zimerudi kutoka hewani, na kilo 45 za maji zimeondoka. Plasta ya chokaa iliyokomaa ni jiwe lilelile kwa fomula. Ukiweza kuifuata hesabu hii kutoka tanuuni hadi ukutani bila kuchungulia, sehemu kubwa ya mada hii umeishika.

Na kama mawe si safi, au nikipata pungufu ya hesabu?

Hayo ni mambo mawili, yasichanganywe. Usafi unaupiga mwanzoni: kama mawe ni safi kwa asilimia 90, unaanza na kilo 225 za CaCO₃, si 250, na matarajio yako ni kilo 126 za CaO. Mavuno unayapima mwishoni: kama ulitarajia kilo 126 na umepata 113.4, mavuno ni 113.4 ÷ 126 = asilimia 90. Mawe ya katikati ya tanuu huenda hayakuiva.

Ukipata zaidi ya asilimia 100, usishangilie. Mara nyingi zao bado lina maji. CaO hasa huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi.

Najuaje ni kitu gani kitawahi kwisha?

Usiangalie kipi kina gramu chache. Usiangalie hata kipi kina moli chache. Angalia kipi hakitoshi ukikipima na mlinganyo.

Umechukua gramu 5 za makombe ya baharini yaliyosagwa, tuseme ni CaCO₃ tupu, ukamimina sentimita za ujazo 50 za asidi ya haidrokloriki, HCl, ya 1 M, yaani moli 1 kwa kila lita:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

CaCO₃: 5 ÷ 100 = moli 0.05.
HCl: 1 × 0.050 = moli 0.05.

Moli ni sawa, na mwanafunzi mwenye haraka anaandika kwamba vyote vinakwisha pamoja. Lakini mlinganyo unataka asidi mara mbili. Moli 0.05 za makombe zinahitaji moli 0.10 za asidi, na asidi tuliyonayo ni nusu ya hiyo. Asidi ndiyo inayowahi kwisha. Inamenyuka na moli 0.025 za CaCO₃ tu, inatoa moli 0.025 za CO₂, sawa na gramu 1.1, na gramu 2.5 za makombe zinabaki chini ya bika, hazitoi tena povu. Ukifanya jaribio hili maabara utayaona hayo mabaki kwa macho yako.

Kitakachowahi kwisha ndicho kinachoamua kila namba inayofuata. Ukishakijua, kingine kisahau mpaka utakapoulizwa kimebaki kiasi gani.

Gesi: nitumie 22.4, 22.7 au 24?

Tumia ile swali lililokupa. 22.4 dm³ (dm³ 1 ni lita 1) ni ujazo wa moli moja ya gesi kwa nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa 1. 22.7 utaikuta kwenye intaneti kwa sababu mwaka 1982 chama cha kimataifa cha kemia, IUPAC, kilibadilisha kanieneo ya kawaida kuwa kilopaskali 100. 24 ni makadirio ya joto la chumbani.

Chumba cha maabara hapa kwetu mchana kinafika nyuzi 30 kirahisi, na hapo moli moja inachukua karibu 24.9 dm³. Kwa hiyo zile moli 0.025 za CO₂ ni 0.56 dm³ kwa 22.4, 0.60 kwa 24, na 0.62 kwenye chumba chenye joto. Ukipima kwa bomba la sindano ukapata zaidi ya kitabu, huenda hukukosea kitu. Na kumbuka njia hii ni ya gesi tu. Nimeona 22.4 ikitumiwa kwa maji ya kimiminika, na jibu linalotoka halina maana yoyote.

Kwenye taitresheni nakosa wapi?

Taitresheni ni kupima ukali wa kimiminika kimoja kwa kukimaliza na kingine unachokijua. Kosa karibu kila mara ni ile namba 2 ya mbele ya HCl. Sentimita za ujazo 25 za sodiamu kaboneti zimemalizwa na sentimita za ujazo 24 za HCl ya 0.10 M:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

HCl: 0.10 × 0.024 = moli 0.0024. Na₂CO₃ ni nusu yake, 0.0012. Gawa kwa 0.025 dm³: 0.048 M, au gramu 5.09 kwa lita. Kosa jingine ni kusahau kugeuza sentimita za ujazo kuwa dm³ kwa kugawa kwa 1,000.

Mafuta ya karafuu nayo nayahesabu hivi?

Inategemea unauliza nini. Ukichemsha makonyo kwa mvuke, kama kinavyofanya kiwanda cha Wawi huko Chake Chake, hakuna mmenyuko unaotengeneza mafuta. Yalikuwemo tayari, mvuke unayatoa tu. Kwa hiyo hakuna mlinganyo wa kuandika, na huwezi kukisia mavuno kwa moli. Lazima upime.

Lakini kitu kikuu kilichomo kwenye mafuta hayo, yujenoli, ni mfano mzuri wa kutafuta fomula. Upimaji unatoa kaboni asilimia 73.17, haidrojeni 7.32, oksijeni 19.51. Chukulia una gramu 100:

C: 73.17 ÷ 12 = 6.10
H: 7.32 ÷ 1 = 7.32
O: 19.51 ÷ 16 = 1.22

Gawa zote kwa ndogo, 1.22: unapata 5, 6 na 1. Fomula sahili ni C₅H₆O, yenye uzito wa 82. Ukiambiwa moli moja ina gramu 164, gawa: 164 ÷ 82 = 2. Fomula ya molekuli ni C₁₀H₁₂O₂. Usikadirie zile 6.10 na 7.32 kuwa 6 na 7 kabla ya kugawa, utaharibu uwiano wote.

Chumvi yenye madini joto: wanajuaje waweke kiasi gani?

Madini joto ni iodini, na kinachowekwa kwenye chumvi mara nyingi ni potasiamu ayodeti, KIO₃. Uzito wa moli moja ni 39 + 127 + 48 = 214, na iodini ndani yake ni 127 ÷ 214, asilimia 59.3.

Tuseme mwenye shamba la chumvi Pemba anataka kila kilo iwe na miligramu 40 za iodini. Akipima miligramu 40 za KIO₃, atakuwa ameweka iodini 23.7 tu, na watu watakosa walichoahidiwa. Anahitaji 40 ÷ 0.593, yaani miligramu 67.4 kwa kila kilo. Kwa tani moja ya chumvi ni gramu 67.4.

Nikadirie desimali wapi?

Mwishoni. Katikati ya hesabu acha namba zote kwenye kalkuleta, halafu jibu lipe tarakimu zinazolingana na data uliyopewa. Tatu mara nyingi zinatosha. Na kizio kiandike kwenye kila mstari. Mwanafunzi aliyeandika "moli 0.05" hataichanganya na gramu mistari mitatu mbele.

Mtihani ni wa Kiingereza. Kujifunza kwa Kiswahili kutanisaidia kweli?

Ndiyo. Fomula, milinganyo na namba ni zilezile. Fikiri kwa lugha unayoielewa mpaka hatua zikae sawa, kisha fanya maswali ya mitihani iliyopita, ya Baraza la Mitihani la Zanzibar kwa kidato cha pili na ya NECTA kwa kidato cha nne, uzoee namna yanavyoulizwa.

Nipe swali moja la kujipima.

Magadi ya kuumulia, NaHCO₃, yakipashwa moto yanavunjika:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Una gramu 8.4. Tafuta uzito wa kila zao, kisha hakikisha jumla inatimia kabla hujatazama mstari unaofuata.

Na₂CO₃ gramu 5.3, CO₂ gramu 2.2, maji gramu 0.9.